Dirisha la dawa, hospitali moja hapa Tanga mjini: foleni mbaya, mfamasia mzuri

Foleni niimalize kwanza. Ni ndefu, mabenchi hayatoshi, na bajaji ikipita nje husikii namba gani imeitwa. Jumatatu usithubutu.

Nilimpeleka mama mkwe kutoka Ngamiani, magoti. Daktari kamwandikia panadol, mbili mara tatu. Kwingine ungesukumiwa bahasha ukasikia "mwingine!"

Huyu binti wa dirishani aliamkia kwanza, ndipo akauliza: "Bibi, nyumbani unatumia dawa gani nyingine?" Hakuna, mwanangu. "Hata ya kununua dukani?" Hapo fundo la kanga likafunguliwa. Ikatoka nauli, kisha karatasi ya vidonge anavyoviita "vya mgongo". Kavinunua duka la mtaani bila cheti, anameza kimoja asubuhi, mchana na jioni. Sisi nyumbani hatuna habari.

Mfamasia akaigeuza karatasi, akatusomea maandishi ya nyuma: diklofenaki, dawa nyingine ya maumivu, miligramu 50; parasetamoli miligramu 500. Parasetamoli ndiyo panadol ileile, ndani ya kidonge kingine. Akapiga hesabu tunaona. Panadol sita kwa siku, gramu 3. Vya mgongo vitatu, gramu 1.5. Jumla 4.5, na mtu mzima mwenye afya hatakiwi kuvuka gramu 4 kwa saa 24. Akampandisha mizani: kilo 43. Chini ya kilo 50, akasema, dozi hupunguzwa. Sumu ya parasetamoli haipigi hodi: siku ya kwanza unaweza kusikia kichefuchefu tu, au usisikie chochote, kumbe ini linaumia. Diklofenaki nayo haifai kumezwa kiholela na mgonjwa wa presha, na mama mkwe anayo.

Kilichonifurahisha, hakubadilisha kwa kichwa chake. Alimpigia daktari, foleni nyuma yetu ikaanza kuguna, yeye wala hakugeuka. Cheti kikaandikwa upya: panadol kimoja mara tatu, vya mgongo visimame.

Mama mkwe alihesabu akaona kapunjwa. "Mwanangu, magoti mawili, kidonge kimoja?" Binti alicheka, akamjibu kwa upole kwamba maumivu yasipopungua arudi kwa daktari, asijiongezee. Akaniambia mimi nichunguze na dawa za mafua, nyingi zina parasetamoli humohumo.

Sasa lawama. Mazungumzo yote haya yalipitia kitundu cha kioo, kwa sauti ya juu kwa sababu bibi hasikii vizuri. Foleni nzima ikajua kilo zake na presha yake. Kachumba kadogo pembeni, hata ka pazia, kangewashinda nini? Na bahasha imeandikwa "1x3" tu kwa kalamu, saa hakuna. Nimeandika mwenyewe chini yake: alfajiri, baada ya chakula cha mchana, kabla ya kulala.