TAHADHARI: "Picha 5,000 bila hakimiliki" zinazouzwa WhatsApp

Waandishi wenzangu, nimepigwa. Naandika mapema kabla hamjapigwa na nyie.

Kuna jamaa anazunguka kwenye magrupu ya waandishi na wenye blogu hapa Tanzania akiuza folda ya picha. Tangazo lake: picha 5,000, bila hakimiliki, leseni ya maisha, elfu ishirini na tano tu. Unalipa kwa lipa namba, unatumiwa kiungo cha Google Drive pamoja na "hati ya umiliki" yenye muhuri mwekundu. Mimi nilikuwa namalizia kijitabu cha mapishi ya samaki wa pwani, kamera ya maana sina, nikaona riziki hiyo. Nikalipa.

Picha zilikuja kweli, na hapo ndipo anapotupatia. Nikachagua moja, jahazi limetweka tanga jua linazama, nikaiweka kwenye jalada, nikachapa nakala mia mbili. Wiki ya tatu ikaingia barua pepe ya mpiga picha mwenyewe. Alikuwa na adabu kuliko nilivyostahili: akaambatanisha picha halisi, akanionyesha inapouzwa, akaomba nilipe ada au niiondoe. Nikamtumia ile hati nikidhani nimemmaliza. Akajibu kwa swali moja tu: jina la mpiga picha liko wapi hapo?

Halikuwapo. Ile hati ina jina langu, tarehe na muhuri, basi. Haisemi nani alipiga, wala nani alimruhusu muuzaji auze. Ni sawa na kununua kiwanja kwa karatasi yenye jina la mnunuzi peke yake.

Nikaikuza picha kwenye kompyuta. Kwenye tanga kuna michirizi miwili iliyofifia, mahali palipofutwa ile nembo inayokatiza picha ambazo hazijalipiwa. Mkono wa nahodha umefutika nayo, vidole vimeyeyuka kama mshumaa. Na mimi niliitazama picha hiyo wiki nzima! Ada nimelipa, majalada nimechapa upya, na folda ya elfu ishirini na tano imenigharimu mara kumi na zaidi.

Lililonichekesha kwa uchungu ni majina ya mafaili. Jamaa hakujisumbua hata kuyabadilisha. Mamia yanaishia na "unsplash", mengine yanaanza na "pexels". Hizo ni tovuti za bure! Unaingia, unapakua, unatumia hata kwenye kitabu cha kuuza, hulipi senti. Wanachokataza ni hiki hasa anachofanya yeye, kuuza picha zao zilivyo. Kwa hiyo nusu ameniuzia cha bure, nusu ameniuzia cha wizi.

Kabla hujatumia picha yoyote uliyopewa na mtu, ipakie kwenye Google Lens au TinEye uone inatokea wapi kwingine. Ni dakika moja. Na ukiikuta kwenye matokeo ya Google, usiseme "nimeitoa Google". Google inaonyesha tu, mwenyewe yuko kwingine. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda picha tangu inapopigwa, hata kama haina alama yoyote.

Mimi sasa naanzia Wikimedia Commons, ghala la mtandaoni la picha huru. Kila picha ina ukurasa wake wenye jina la aliyepiga na leseni yake. Herufi CC ni za leseni za Creative Commons. CC0 unatumia bila masharti. CC BY lazima utaje jina la mpiga picha na leseni. Kwenye tovuti nyingine, ukiona NC, usiiweke kwenye kitabu cha kuuza. ND, usiikate wala kuibadilisha. Naipiga picha ya skrini ukurasa huo siku ninayopakua na kuihifadhi pamoja na faili. Ukiamua kulipia, nunua kwa mpiga picha au kwenye tovuti inayokupa risiti yenye namba ya picha. Wapo vijana wa hapa hapa wanaopiga vizuri, ukikubaliana nao kwa maandishi mnamaliza.

Kuna utapeli mwingine unaofanana na huu kwa kinyume. Unapata barua ya "mwanasheria": umetumia picha ya mteja wetu, weka kiungo cha tovuti fulani la sivyo tunakushitaki. Picha yenyewe ulipata kihalali. Wanachotaka ni hicho kiungo kiwapandishe kwenye Google. Usikurupuke. Waulize nani alipiga, lini, na wana uthibitisho gani. Mwenye mali atajibu, kama yule wangu alivyojibu. Hata madai ya kampuni halisi huwa yanakosea: huko Marekani mpiga picha Carol Highsmith alidaiwa dola 120 kwa kutumia picha aliyoipiga mwenyewe, baada ya kuwa ameitoa bure kwa umma.

Huyu wa kwetu nilimripoti. Kampuni ya simu waliniambia hela imeshatolewa, polisi wamenipa RB. Nilipomuuliza yeye kuhusu jahazi aliandika "ngoja nicheki boss", kisha akanibloku.

Juzi tangazo limerudi kwenye grupu jingine kwa jina la dada. Picha zimekuwa elfu kumi, bei imeshuka hadi elfu kumi na tano. Sampuli ya kwanza ni jahazi lile lile, nahodha bado hana vidole.