Uzio wa mbao kwenye mteremko: wa ngazi au wa kufuata ardhi?

Uzio wa ngazi unapendeza. Kila kipande kinalazwa sawa kwa pima maji, kisha kinashuka kwenye nguzo inayofuata. Shida ni ile pembetatu inayobaki chini: kuku na vitoto vya mbuzi wanapenya hapo, na ukiifukia kwa udongo umewakaribishia mchwa mbao zako. Hapa Dodoma mchwa hawasubiri.

Uzio wa kufuata ardhi hauachi pengo hilo. Papi, yaani mbao za kulala zinazounganisha nguzo, zinainama na mteremko, lakini nguzo na mbao za kusimama lazima ziwe wima kwa timazi. Mteremko ukiwa mkali sana, ngazi ni rahisi zaidi kwa fundi. Kwa mteremko wa kawaida nachagua wa kufuata ardhi, ncha za chini za mbao ziinuliwe vidole viwili kutoka ardhini ili maji ya mvua za Desemba hadi Aprili yapite chini.