Tahadhari Tanga: fundi wa "MP3 320" kanipiga elfu ishirini

Wanatanga wenzangu, hasa mnaopeleka nyimbo za zamani zikabadilishwe ziingie kwenye pleya, nisomeni kabla hamjatoa hela.

Mama yangu ana kaseti za taarabu za enzi za Black Star na Lucky Star, na nyingine zilirekodiwa harusini kwetu Makorora, makofi na vigelegele vyote humo. Mdogo wangu alishaziingiza kwenye kompyuta kwa fomati ya WAV. Pleya ya mama inasoma MP3 na WMA tu, kwa hiyo nikazitia kwenye flashi nikampelekea kijana mmoja wa kurusha nyimbo, Ngamiani. Jina simtaji, maana mchezo huu hachezi peke yake. Nyimbo 40, kila mmoja shilingi 500. "Mama, nakuwekea 320, utasikia kama uko ukumbini." Hiyo 320 ni kilobiti kwa sekunde, kipimo cha ubora wa MP3. Nikalipa zote palepale. Ujinga wangu huo.

Nyumbani, mama akibonyeza wimbo, pleya inarukia wa pili, wa tatu, mpaka inamaliza orodha nzima kimya kimya. Akadhani yeye ndiye kaiharibu. Nikaifungua kadi ya pleya kwenye kompyuta. Jina linaishia na mp3 vizuri kabisa, ila wimbo wa dakika sita una MB 60! WAV ya kawaida hula kama MB 10 kwa dakika. MP3 ya 320 hula kama MB 2.4, yaani wimbo ule usingefika hata MB 15. Kijana hakubadilisha chochote: kafuta "wav" mwishoni mwa jina, kaandika "mp3".

Nikarudi. Hakubisha, na hapo ndipo aliponilegeza. "Samahani mama, kompyuta ilizingua, njoo kesho." Kesho ikawa siku tano. Safari hii pleya iliimba. Tumekaa barazani, fidla imeshakolea, mara sauti ya DJ inaropoka katikati ya wimbo ikitaja jina la tovuti! Kumbe nyimbo zinazojulikana kazipakua mtandaoni, na zile za harusi hazimo kabisa. Flashi yangu nayo karudisha tupu, eti ilikuwa na virusi akaifomati.

Na hiyo 320 yake? Uzito wa faili ni wa 320 kweli. Lakini nilipozifungua kwenye programu ya Audacity nikatazama spektra, yaani picha ya sauti nzito hadi nyembamba, juu ya kilohezi 16 hakuna kitu, pamekatwa kama kwa wembe. Mara nyingi hiyo ni MP3 ya 128 iliyovimbishwa. MP3 ikishabanwa, sauti iliyotupwa hairudi. Ukiigeuza tena kuwa 320 unajaza kadi tu.

Ukilazimika kupeleka kazi hii kwa mtu, mpe nakala, zile za asili zibaki kwako. Mwambie abadilishe wimbo mmoja kwanza, uusikilize kwenye pleya yako ukiwa umesimama hapohapo, halafu gawanya MB kwa dakika. Akikuuzia na kadi ya GB 64 kwa bei ya kutupa, usichukue. Kuna kadi feki zinazojionyesha 64 na ndani ni 8. Ikishajaa, nyimbo unazoongeza zinaharibika.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kazi yenyewe ni bure. Programu ya VLC inabadilisha, fre:ac inabadilisha, tena faili zote kwa mkupuo. WAV zilikuwa bado kwa mdogo wangu, alhamdulillahi, nikazigeuza mwenyewe jioni moja kwa 192. Kwa sauti ya kaseti hiyo inatosha sana, msidanganywe na namba kubwa. Mama kapata harusi yake, hadi kikohozi cha marehemu baba kinasikika kabla mwimbaji hajaanza.

Elfu ishirini nimeidai mara tatu. Sasa hivi simu yangu haipokelewi.