Aliniambia tyubu imekufa

Nilitaka mstari wa kwanza useme: msinunue. Nimeufuta mara mbili, nikauandika tena, nikaufuta. Basi nisikilizeni tangu mwanzo, kwa sababu hasira niliyo nayo si ya kisanduku nilichonunua, kile cha kuunganisha PlayStation na mashine ya gemu. Ni ya aliyekiuza.

Hapa Uingereza ninakoishi, mashine kuukuu za gemu za sarafu bado zinapatikana kwa anayetafuta, zile ndefu kama kabati la nguo, zenye fimbo na vitufe vya rangi. Yangu niliinunua kutoka ukumbi mmoja wa michezo ufukweni uliokuwa unafunga milango. Ndani ina TV ya chogo ya asili, na bodi yake ya gemu ya ndege za kivita ilikuwa bado inafanya kazi. Mimi nilikuwa na hamu moja tu: kuchomeka PlayStation ya kwanza humo na kucheza Tekken 3, ule mchezo wa kupigana. Waliokulia Tanga kama mimi, wakisubiri zamu kwenye vibanda vya gemu huku sarafu imelowa jasho mkononi, hawahitaji kuelezwa zaidi. Na kuna jambo wengi hawalijui. Tekken 3 ya mashine za sarafu, ile ya 1997, iliendeshwa na bodi iliyotokana na PlayStation yenyewe. Kwa hiyo nilikuwa napatanisha ndugu wawili.

Kisanduku chenyewe kina tundu la skati (plagi pana ya TV za Ulaya) upande mmoja, na upande wa pili ukingo wenye meno 56, unaoingia palepale inapoingia bodi ya gemu. TV ya mashine haijui antena wala ule waya wa njano. Inataka nyekundu, kijani na buluu, kila rangi na waya wake, pamoja na waya wa kuiambia mstari unaanzia wapi. PlayStation inavitoa vyote hivyo kwenye skati, na mistari inaichora kwa kasi ambayo mashine hizi zimeizoea, karibu 15,700 kwa sekunde.

Nikawasha. Sauti safi kabisa, ya kutikisa kifua. Picha, giza! Wapiganaji walikuwa vivuli, kama watu waliosimama uani usiku umeme umekatika. Na hata hivyo vivuli havikutulia, vilipanda juu, vikapotea, vikatokea tena chini.

Nikamwandikia muuzaji kwa adabu zote, nikamtumia na video. Jibu lake lilikuwa na maneno machache: tyubu yako, yaani kile kioo kikubwa cha picha chenye chogo, imekufa, itupe, weka kioo bapa. Nikamweleza kwamba nikirudisha bodi ya ndege picha inawaka vizuri sana, rangi zote zipo. Ndipo akanitolea ya moyoni. Kwamba kazi hii ameifanya miaka mingi, kwamba watu kama mimi tunaharibu vitu kwa kutojua halafu tunadai pesa zetu, na kwamba kama umeme siuelewi nisiuguse. Baada ya hapo, kimya. Nilimwandikia mara tatu.

Watu kama mimi! Nililala na neno hilo, nikaamka nalo.

Kilichoniokoa ni simu kwa mzee mmoja pale Ngamiani, Tanga, fundi aliyekuwa akitutengenezea redio na TV nyumbani tangu sijaanza shule. Nikamwamkia, nikamweleza, nikamwonyesha kwa kamera. Hakuuliza kwanza habari za picha.

"Mwanangu, humo ndani ipo transfoma ya kutenganisha umeme wa ukutani na hiyo TV?"

Nikamulika. Ipo, nzito, imefungwa chini ya kabati.

"Alhamdulillahi. Isingekuwepo, bodi ya TV ingeweza kuwa na umeme wa ukutani, na huo mchezo wako umeuunga humo. Ungekuunguza mkononi. Aliyekuuzia hakukuuliza?"

Hakuniuliza. Hakunipa hata kikaratasi. TV ya namna hii ina volti zaidi ya 20,000 kwenye tyubu, na chaji inaweza kubaki humo hata ukishachomoa waya ukutani. Mtu anauza kifaa cha kuingizwa mle bila neno moja la tahadhari, halafu ananiambia mimi ndiye nisiyejua!

Mzee akauliza tena, bodi ya zamani inang'aa? Inang'aa. "Basi haijafa. Hiyo tyubu ina njaa." Akanieleza kwamba kifaa cha nyumbani kinatoa chini ya volti 1 kwa kila rangi, maana TV za nyumbani zinataka hivyo, ilhali TV ya mashine imezoea kulishwa volti kadhaa. Lazima pawe na cha kuzikuza hapo katikati. Fungua kisanduku, akasema, utazame.

Nikafungua. Kikuzaji kipo, na kando yake pini tatu zenye kikofia kidogo cha kuunganishia: upande huu TV ya nyumbani, upande ule mashine. Kilikuwa upande wa TV ya nyumbani. Nikakihamisha kwa ukucha.

Vile vivuli vikapata sura. Picha bado ilikuwa inapanda, kwa sababu PlayStation yangu ni ya Ulaya, inatoa picha 50 kwa sekunde, na TV ilikuwa imewekwa kwa 60. Mke wangu akashika kioo cha kujitazamia mbele ya mashine, mimi nyuma na bisibisi ya plastiki, mkono mmoja mfukoni kama mzee alivyoniagiza, nikazungusha taratibu mpaka ikatulia. Wallahi sijawahi kuona Tekken ikiwa hivyo. Nyekundu ni nyekundu ya damu, mistari inaonekana mmoja mmoja, na fimbo ukiisukuma mtu anaruka papo hapo. Nilinyamaza kabisa. Mke wangu akadhani nimepigwa na umeme.

Kwa hiyo kisanduku ni kizuri. Kizuri sana, nitakuwa mwongo nikisema vinginevyo, na kwa pauni 65 sijaona kinachokishinda. Usiku ule nilikuwa tayari kumsamehe, nikampigia picha TV inavyowaka nikamtumia. Akajibu kwa kidole gumba. Hakuna samahani, hakuna "nilikosea", na mpaka leo anakiuza bila karatasi.

Nilimpa nyota moja. Jana nimecheza mpaka karibu na alfajiri, nikaongeza mbili. Leo asubuhi nimesoma tena yale maneno yake, nimerudi kwenye moja.

Kikofia kikae upande wa mashine. Na kabla ya yote tafuteni transfoma.