"Huduma kamili" ya baiskeli iliyoniacha Visiga nikisukuma

Kuna duka la baiskeli hapa Dar, jina nalihifadhi, lililonitoza hela ya "huduma kamili" likanirudishia gurudumu la nyuma limefungwa ovyo. Najiandaa na safari ya hisani kwenda Dodoma, kilomita kama 450, kuchangia matibabu ya watoto waliozaliwa na mguu kifundo, yaani wayo uliopinda kwa ndani. Yote hayo niliwaeleza. Nikawaambia spoku moja ilishakatika, waikague ringi nzima.

Juzijuzi nikatoka alfajiri kwenda Chalinze kwa mazoezi. Kibaha nikapita vizuri, gia zinaingia laini, nikaanza hata kuwasifu moyoni. Nafika Visiga, paa! Spoku ya nyuma. Sijasimama sawasawa, ya pili. Ringi ikapinda, ikawa inasugua breki kila inapozunguka, na malori yananipita karibu kunigusa. Nikashuka, nikasukuma hadi Mlandizi juani.

Nikawapigia. Jibu nililopewa ni hili: "Dada, si unaenda kwenye hisani? Hata ukisukuma utafika."

Hilo neno halijanitoka. Watu wameahidi kunichangia kwa kila kilomita nitakayoendesha. Kuna mama anambeba mtoto kila wiki kwenda kubadilishiwa plasta, na nauli ikikosekana matibabu yanakatika, mguu unaweza kurudi kupinda. Halafu mtu niliyemlipa pesa yake yote anaona hisani ndiyo ruhusa ya kulipua kazi?

Pale Mlandizi fundi wa kando ya barabara aliipindua baiskeli, magurudumu juu, akazigonga spoku kwa kidole moja moja. Nyingine zinalia, nyingine zimelegea kabisa. "Pole dada. Hawa walibadilisha moja, hizi nyingine hawakuzigusa." Bahati zilikatika upande usio na gia, kwa hiyo hakuhitaji kufungua gia. Akaweka mpya, akashika chaki, akawa anazungusha gurudumu na kutia alama pale ringi inapoegemea, anakaza huku, analegeza kule, kidogo kidogo, bila haraka. Spoku zisipovutwa sawa, mzigo haugawanyiki. Zinachoka, zinaanza kukatika moja baada ya nyingine. Duka lenye mashine ya kunyooshea ringi halijui hilo? Au wanajua wakapuuza, na hapo ndipo nachukia zaidi.

Haki yao niwape: matairi waliyoniuzia ni mazuri, hayajapata pancha hata kwenye kokoto, na bei yao si ya kukomoa. Nilikusudia kuwaambia nendeni kwa vifaa, ufundi mpeleke kwingine. Lakini nikilikumbuka lile jibu, hapana. Msiwapelekee hata shilingi. Tyubu zangu za akiba za kwenda Dodoma nitanunua Kariakoo, na ringi nitaipeleka tena Mlandizi kabla ya safari.