Enameli ya maji kwenye fremu ya mbao ya meko: uzoefu wangu

Naipa nyota nne kati ya tano. Ni enameli ya maji, yaani rangi inayokauka ngumu na laini, yenye mng'ao wa wastani, na nimeipaka kwenye fremu ya msonobari inayozunguka meko ya ukutani ya kuotea moto. Vanishi yake ya kahawia ilikuwa inakifanya chumba kizima kionekane kizito.

Kopo la nusu lita linatosha. Miguu miwili, ubao wa mbele na shelfu ya juu kwa kawaida havizidi mita 2 za mraba, na lita moja hufunika takriban mita 10 za mraba kwa mkono mmoja. Ukipaka mikono miwili, bado inabaki ya kuziba mikwaruzo.

Vanishi si lazima uibandue. Osha masizi na mafuta kwa maji ya sabuni, suuza, acha ikauke, kisha piga msasa namba 120 mpaka mng'ao uishe. Ila fremu ya zamani iliyopakwa rangi ipimwe madini ya risasi kwanza. Vumbi lake ni sumu.

Nilipoharibu ni kwenye praima, ile rangi ya msingi inayotangulia. Nilitumia ya maji, ikakauka vizuri, nikapaka nyeupe. Siku chache baadaye pakachomoza duara la njano, kubwa kama sarafu, pale pale penye fundo la mbao. Huo ni utomvu wa mbao: joto la meko huulainisha, na praima ya maji haiuzuii. Ukiongeza rangi juu, doa litarudi. Piga msasa, paka praima ya sheleki (utomvu wa wadudu ulioyeyushwa kwa spiriti) mara mbili juu ya kila fundo, ndipo urudie rangi. Sheleki hukauka ndani ya saa moja na brashi yake husafishwa kwa spiriti. Mvuke wake unashika moto, kwa hiyo meko iwe imepoa kabisa na madirisha wazi.

Rangi yenyewe inajitandaza vizuri mno. Alama za brashi zinapotea zenyewe. Ubaya wa sifa hiyo ni kwamba inachuruzika kwenye michirizi ya nakshi. Anza na nakshi kwa brashi ya inchi 2, maliza sehemu bapa kwa rola ya sponji ya inchi 4, na baada ya dakika 10 rudi ufute matone kwa ncha ya brashi kavu. Maelezo ya kopo yanataka saa 16 kabla ya mkono wa pili. Ukigusa mapema utadhani imekauka, lakini ukipitisha rola inavutika kama ngozi ya maziwa. Kati ya mikono hiyo miwili piga msasa namba 220, kidogo tu. Vyombo vizito visikae kwenye shelfu kabla ya wiki nne, vitanata kwenye rangi.

Kuhusu rangi ya kuchagua: nyeupe yangu ya kwanza ilionekana ya samawati kando ya vigae vya krimu. Paka kadi, isimamishe wima karibu na vigae, itazame mchana na usiku taa zikiwaka. Kwa chumba kidogo napenda rangi ile ile ya ukuta, fremu inatulia.

Enameli hii si ya kuhimili moto. Mbao iwe angalau sentimita 15 kutoka mdomo wa meko, na rangi ikianza kutoa malengelenge ukingoni, kagua umbali huo kabla ya kulaumu kopo.