Uzoefu wangu: Iringa hadi Mbozi na Kiwira, vivutio ambavyo mabasi huvipita

Wanandoa wengi ninaowafahamu wakipata likizo hukimbilia Zanzibar au mbugani. Mimi na mume wangu safari hii tulishika barabara ya TANZAM, ile iendayo Zambia, kwa nia moja tu: kusimama kwenye vile vibao vya kando ya njia ambavyo abiria wa basi huvisoma nusu vikawa vimeshapita. Naipa nyota tano, na nyota hizo nawapa waongozaji wa wageni tuliowakuta huko.

Gari nilimalize kwanza. Tulikodi Rav4 Dar, ikapanda mlima Kitonga bila taabu, lakini tulipopata pancha mbele ya Mafinga tukakuta tairi la spea halina upepo. Kagueni spea kabla hamjasaini chochote.

Tulianzia Kalenga, nje kidogo ya mji wa Iringa, njia ya kwenda hifadhi ya Ruaha. Makumbusho yenyewe ni madogo sana. Ndani yake, kwenye kasha la kioo, limo fuvu la Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe. Mzee aliyetupokea kwa "kamwene", salamu ya Kihehe, hakuanza kuongea mara moja, alituacha tutazame. Kisha akatutembeza katika historia: vita vya Lugalo mwaka 1891, Wahehe walipolipiga jeshi la Wajerumani na kumuua kamanda wake Zelewski, 1894, ngome ya Kalenga ilipoangushwa, 1898, Mkwawa alipojiua ili asikamatwe, na fuvu likapelekwa Ujerumani. Halafu akatuambia kwamba Mkataba wa Versailles wa 1919, ule uliofuata Vita vya Kwanza vya Dunia, una kifungu kinachodai fuvu hilo lirudishwe. Lilirudi 1954.

"Kumbe walijua walichobeba," mume wangu akasema.

"Walijua vizuri sana, mwanangu," mzee akamjibu.

Nimesoma historia ya Mkwawa tangu shule ya msingi, lakini sijawahi kuisikia hivyo.

Isimila iko kama kilomita 20 kutoka Iringa mjini, upande wa kwenda Mbeya. Watu wengi wanakwenda kupiga picha kwenye zile nguzo za udongo zilizochongwa na maji na upepo, na ni nzuri kweli, nendeni asubuhi kabla jua halijawa kali. Ila msiondoke bila kuomba muonyeshwe zana za mawe za watu wa kale. Mashoka mengine ni makubwa kiasi kwamba unajiuliza mkono ulioyashika ulikuwaje.

Sasa Mbozi. Hapa ndipo nawasihi msipite. Ukitoka Mbeya kuelekea Tunduma, unaiacha barabara kuu na kuingia ndani hadi kilima cha Marengi, na pale limelala pande la chuma lililotoka angani, urefu wake kama mita tatu, uzito unaokadiriwa tani 16. Kimondo hicho kwa sehemu kubwa ni chuma, kikiwa na nikeli kiasi. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea. Alikizunguka akipapasa vile vishimo vilivyojaa juu yake, akagonga kwa kifundo cha kidole, akainama kwenye ncha iliyokatwa kwa msumeno ili kipande kikachunguzwe. "Hii imewatoa jasho," akasema, na mwongozaji, kijana mwenye subira ya ajabu, akamuuliza yeye maswali ya uchomeleaji. Wale wawili walizungumza hadi nikakaa chini ya mti. Kijana akatueleza pia kwamba hakuna shimo kubwa la kuangukia lililobaki, dalili kwamba kilianguka zamani mno, na kwamba wenyeji walikifahamu kabla mpimaji ardhi hajakitangaza nje mwaka 1930. Sijui kivutio kingine nchini ambako unaweza kuweka kiganja juu ya kitu kilichotoka mbali namna hiyo.

Tulimalizia Rungwe, kwenye Daraja la Mungu. Ni mwamba wa lava uliokatiza juu ya mto Kiwira, maji yakipita chini yake. Pazuri, tulivu, saa moja inatosha. Kijungu, mahali mto huohuo unapojiminya kwenye mwamba na kuzunguka kama maji yaliyochemka, kilinishika zaidi. Mkiwa na watoto washikeni mkono muda wote.

Viingilio kwa raia ni nafuu kuliko kwa wageni, ila wekeni salio kwenye simu na fedha taslimu kidogo, mtandao huko unakatika. Chagueni kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, kwani mvua ya Tukuyu, huko Rungwe, haina mchezo. Na kila mahali ombeni mwongozaji hata kama mnadhani mnaweza kutazama wenyewe, kisha mpeni bahasha yake kwa heshima. Kwa Kijungu, vaeni viatu vyenye soli ya kushika. Mawe yanateleza hata siku ya jua.